Barafu Niliyoificha Kwenye Pumba

Mwanaume wa kwanza kumposa mke wangu aliondoka kijijini kwao, Samuye, mikono mitupu kwa sababu alipeleka soda za moto. Baba mkwe hakuficha: mtu aliyeshindwa kupoza soda ataweza nini? Kwa hiyo zamu yangu ilipofika sikutaka mchezo. Nilinunua bonge la barafu Kahama, nikalizungushia nailoni, nikalizika ndani ya gunia la pumba kutoka mashine ya mpunga, na blanketi juu yake. Kwao hakukuwa na friji ya kuazima.

Tulipofika, mimi na mshenga wangu, nikapanga chupa za soda kulizunguka gunia, nikakaa kusubiri wazee. Wakachelewa, kama kawaida yao. Jua lilikuwa halina utu. Kila baada ya muda nilipenyeza mkono kwenye pumba nikalipapasa bonge langu: zima kabisa, hata tone halijadondoka. Nilijiona mjanja kweli.

Baba mkwe akafika, akafungua chupa ya kwanza. Povu likamrukia hadi kwenye kofia. Soda ilikuwa ya moto kama chai. Nami siruhusiwi kusema na mkwe. Anayesema ni mshenga, na mshenga wangu, mjomba wangu mwenyewe, alikuwa amejifunika uso kwa leso anacheka. Nikainama kutazama vidole vya miguu yangu, nikaona ndoa inaondoka hivi hivi.

Aliyeniokoa ni bibi yake binti, maana bibi na mjukuu mkwe wanataniana.

"Mume wangu," akaniambia, "barafu inayeyuka kwa kula joto la soda. Wewe umeifunika kama kichanga, ukainyima chakula. Sasa hizo soda zipoe na nini?"

Akalivunja bonge kwa mchi, akamwaga vipande kwenye beseni la maji, akatumbukiza chupa. Barafu ikaanza kuisha mbele ya macho yangu. Roho iliniuma, nasema kweli. Nilikuwa nimeihangaikia tangu asubuhi. Lakini zile chupa zilipotolewa zilikuwa zinatoka jasho.

Baba mkwe akanywa, akacheua. Kisha akamgeukia mjomba, ingawa mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa.

"Mwambie kijana wako, binti nampa. Kutunza anajua. Ila mwanangu asimfungie kwenye pumba."