Bomba Lililojifanya Faili

Fundi wa kompyuta wa hospitali yetu huvua viatu kabla ya kugusa kibodi, na hugonga meza kwa kifundo cha kidole kila anapokutana na mstari asiouamini. Asubuhi ya kufuta kompyuta ya zamani ya maabara, programu aliyoiendesha mwenzake ililinganisha majibu ya vipimo yaliyokuwamo humo na yaliyohamishiwa kompyuta mpya, ikasema hakuna tofauti.

"Futa, dada, tukanywe chai," mwenzake akahimiza.

Kidole kikagonga meza. "Thubutu! Wewe hukuipa programu faili, umeipa bomba, njia ya kupitishia data mara moja tu. Shell, ile inayopokea amri zako, imelipachika namba likaonekana faili, lakini kilichopita humo kimepita, hakisomeki tena. Na programu yako inasoma mara mbili: kwanza inahesabu, kisha ndiyo inalinganisha, na hapo imekuta bomba tupu!"

"Kwa hiyo imelinganisha..."

"Hewa na hewa, kaka!"

Akayahifadhi majibu kwenye faili za kweli, akalinganisha upya. Majibu yasiyohamishwa, kila moja na jina la mgonjwa wake, yakaanza kumiminika kwenye kioo. Mimi, msimamizi wa maabara, sivumilii kelele kazini, lakini sikumnyamazisha. Alikuwa amesimama peku, akipiga makofi, "Huyu hapa! Na huyu, jamani!", akimpokea kila mgonjwa kama ndugu aliyeshuka salama safarini.