Kipande cha Ukuta Kisicho cha Koleo

Kaka yangu tulimwita Koleo kwa sababu mbili: koleo la kukazia waya halikutoka mfukoni mwake, na yeye akikukaba shingo hakuachii. Alikuwa mwepesi wa ngumi tangu utotoni. Mimi dada yake nina kovu juu ya jicho, nililipata kwa kula mkate wake, na yeye ana alama ya meno yangu begani. Ngoma droo.

Lakini kwenye nondo alikuwa mtu mwingine kabisa. Walipoanza kujenga ukuta wa zege kuzuia kilima kisituporomokee sisi tunaokaa chini, yeye ndiye aliyepewa kusuka nondo. Alikuwa na kijiti alichokikata mwenyewe, sentimita kumi na tano. Anakiweka kati ya nondo na nondo. Kikipwaya, anafungua waya na kuanza upya.

"Zege lazima lipasuke," alimweleza Mama. "Nondo zikikaribiana, ufa unagawanyika, unakuwa nyuzinyuzi, maji hayapiti. Ukiziachanisha unapata ufa mmoja wa kuingia kidole, na nondo zinaoza humo ndani."

Mama, ambaye nyumba yake iko mwisho wa ukuta na macho yake hayafiki mbali tena, akawa analala fofofo.

Ukuta ulipofika theluthi mbili, msimamizi alimwambia aziachanishe sentimita thelathini. Zege likishamwagwa nani ataona? Koleo akakataa. Msimamizi akachukua kile kijiti, akakivunja kwa goti, akamtupia usoni. Basi. Ngumi ya kwanza iling'oa meno mawili. Ya pili ilimpasua mdomo. Alipoanguka, Koleo akamkalia kifuani akaendelea kumtwanga mpaka wanaume wanne wakaja kumvuta miguu. Mimi nilikuwa nimempelekea chakula. Nilimwona msimamizi akitema damu juu ya mchanga, na sitasema uongo, nilifurahi.

Koleo alifukuzwa papo hapo. Kipande kilichobaki wakakimalizia wengine, kwa thelathini. Hicho ndicho kipande kilichokaa nyuma ya nyumba ya Mama.

Unajua lile jitu lilifanya nini? Halikumwambia Mama kwamba limefukuzwa. Kila asubuhi alitoka na koleo lake mfukoni, akashinda vijiweni, jioni akarudi amejipaka vumbi makusudi. Na mimi akanifunga mdomo: "Ukimwambia nakuvunja taya." Nikanyamaza, wala si kwa kuogopa taya. Nilimwonea aibu.

Mwaka wa tatu mvua ilitandika siku sita mfululizo. Kwenye nondo za kaka nyufa zilikuwa nyembamba, unazitafuta kwa kucha. Nyuma kwa Mama ulifunguka ufa mmoja tu, umelala karibu na chini, ukitoa maji mekundu ya kutu. Siku ya saba asubuhi ukuta ukaanza kulia. Tukamwambia Mama atoke. Akajifungia.

"Mwanangu kaujenga huu," alisema kwa ndani. "Sitoki."

Koleo akavunja mlango kwa bega. Mama akampiga mwiko wa kichwa, akamng'ata mkono, lakini alibebwa hivyohivyo mpaka ukutani, mimi nikipiga kelele watoke pale. Kaka akakamata vidole vya Mama, akavitia ufani. Viliingia.

"Hiki si changu, Mama. Nilimpiga msimamizi, wakanifukuza. Kipande chako wamesuka wengine."

Mama akamzaba kofi moja la nguvu. Kisha akanishika mkono, akatembea mwenyewe mpaka barabarani.

Kabla ya adhuhuri nondo zilikatika moja baada ya nyingine, tukizisikia. Kipande chote kikapinduka. Tope likameza jiko, kitanda, na paa lenyewe. Upande wa kaka ulibaki umesimama kama ulivyokuwa.

Alasiri msimamizi akaja kutazama, na mapengo yake. Koleo akaokota kipande cha nondo akamwendea. Nikajua leo anaua mtu, na kusema kweli sikunyanyuka kumzuia. Ni Mama aliyemfuata akipapasapapasa, akakamata kifundo cha mkono ule ulioinuliwa, akamwambia polepole:

"Mkono huu umeshanibomolea nyumba, mwanangu. Nikija kukutazama jela, nitakuwa natokea wapi?"