Pete ya Mama

Jirani anakata chuma kwa grinda, na ile harufu ya kuungua imenifuata mpaka jikoni.

Baba alikuwa fundi wa mageti sokoni Nyakoe. Grinda yake ilikata chuma, vigae, hata mawe. Mama alipougua figo, vidole vyake vilivyozoea kuchuma majani chai vilivimba, na kile cha pete kikaanza kuwa cheusi. Baba alipenyeza kibati chembamba chini ya pete, mimi nikaushika mkono wa Mama kwa kitambaa chenye maji. Cheche kidogo tu za grinda, pete ikakatika.

“Sasa umenipa talaka,” Mama akasema, akicheka.

“Ukipona nitaichomelea,” Baba akajibu, bila kumtazama.

Pete ninayo mimi. Mwanya ule bado uko wazi.