Nilipoandika "Amepona"

Mama mmoja alipindua meza za samaki sokoni Darajani, wiki moja baada ya kumzika mwanawe. Hakimu akaamuru asipelekwe jela maadamu akili zimemruka, aletwe kwetu wauguzi wa wagonjwa wa akili. Miezi mitatu nilikaa naye mkekani tukisuka ukili wa kushonea mikeka, maana hakuwa akisema neno mpaka mikono iwe na kazi. Akasema, akalia, akapona. Nikaandika kwa furaha: amepona.

Kesho yake akaja askari na karatasi ya hakimu yule yule: madhali ana akili zake, akatumikie kifungo kwa fujo ile ya sokoni. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Mama alinikabidhi ukili wake, akaniuliza, "Bi, kumbe ulikuwa ukiniponya nikafungwe?"

Tangu siku hiyo, kila aliyepona mikononi mwangu nilimwandikia: bado.