Mfupa wa Mbuzi wa Taha

Mwanaesha wa Kibokoni alikuwa mpishi wa karamu za watoto, na mkono wake ulikuwa mzito kwenye unga na mzito zaidi kwenye shavu la mtu. Mimi jirani yake nimemkunia nazi miaka mingi, basi sisimuliwi na mtu. Nilimwona kwa macho yangu akimzaba kofi muuza peremende mbele ya msikiti, kwa kuwapa watoto vitu vya rangi vilivyowaharisha. "Tumbo la mtoto si jaa!" alimpigia kelele. Yule mtu akachomoa kisu. Mwanaesha akamgonga mkono kwa mchi, kisu kikaanguka, na peremende zikahamia mtaa mwingine. Watu wakasema, mwanamke gani huyu? Mwanamke hasa, ndiyo!

Kwake watoto walikula mchicha wa nazi, samaki, kunde na matunda ya msimu. Sukari ilipokuwa ya kugawiwa wakati wa vita, sisi tulilia. Yeye alisema afadhali, meno yapumzike.

Vita vilipokwisha, akaitwa na Nabiha, mke wa Yeslam muuza kahawa. Nabiha alikuwa amezika watoto wawili wa kiume, wote kabla hawajatembea. Aliyebaki ni Taha, na sasa anatimiza miaka saba bila kufanyiwa akika, yaani kuchinjiwa mbuzi wa kuzaliwa kwake, maana wakati wa vita mbuzi alikuwa hashikiki kwa bei. Yeslam alisema sherehe ya kuzaliwa ni mambo ya Wazungu, lakini akika ni sunna, basi yafanywe yote siku moja na asiulizwe zaidi.

"Dada Mwanaesha," Nabiha akamwambia, "mimi nataka jambo moja tu. Mfupa wa mbuzi usivunjike hata mmoja. Ukivunjika, mwanangu naye..." Kwetu mbuzi wa akika hutenganishwa kwenye viungo kwa kisu, hapigwi shoka, ili viungo vya mtoto visalimike, kisha mifupa huzikwa mizima. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Nabiha aliujua mara mbili.

"Hautavunjika nikiwa hai," Mwanaesha akajibu.

Taha mwenyewe alitaka manowari, kama zile alizozitazama Kilindini. Mwanaesha akampangia: sinia la wali liwe meli, mihogo ya kuchemsha iwe mabomba ya moshi, mayai yenye kofia za nyanya yawe mabaharia, na mchicha uwe bahari. Cha kunywa, maji ya ukwaju yaliyotiwa tende. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

Siku yenyewe akatokea Kamaludin, ndugu yake Yeslam, muuza nyama wa sokoni, mtu wa mabavu ambaye mkewe tulikuwa tukimsikia akilia mtaa mzima. Ameleta sukari ya magendo iliyotiwa rangi nyekundu, ati apambe meli. Mwanaesha akaipokea, akaenda nayo mtaroni, akaimwaga yote. Lo! Kamaludin akalipiga teke pipa la ukwaju, likapinduka. Mwanaesha akamchapa upawa uliotoka motoni, ngozi ya shavu ikabanduka. Kamaludin akamkaba koo. Tukamrukia sisi wanawake, mimi nikamng'ata sikio, na wallahi sijuti mpaka leo. Yeslam ndiye aliyetuachanisha, akamsihi nduguye akakae barazani na wanaume.

Barazani wanaume wakaanza kumtania kwa shavu lake: "Ala, umechomwa na mpishi!" Hilo likamchoma kuliko upawa. Ndani, Mwanaesha alikuwa ameuweka mguu wa nyuma wa mbuzi juu ya gogo, akiutenganisha polepole. Mara Kamaludin akaingia na shoka.

"Watu wana njaa na wewe unabembeleza mguu! Sogea nikuonyeshe mbuzi anavyokatwa!"

"Shemeji, nakuomba! Mfupa!" Nabiha akapiga ukelele, akamshika kanzu. Kamaludin akamsukuma, Nabiha akaangukia mafiga. Shoka likainuliwa. Hapakuwa na nafasi ya kulizuia wala kuuvuta mguu. Mwanaesha akaufunika kwa mkono wake wa kulia.

Kamaludin alipouona mkono alijaribu kuligeuza shoka, likatua kwa kisogo chake, upande usio na makali. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu.

Wanaume wakamburuta Kamaludin hadi nje, wakampiga mpaka akatema meno, na aliyeanza ni Yeslam mwenyewe. Mwanaesha alikuwa ameketi chini, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo, jasho linamtiririka. Nabiha akainuka na damu usoni. Hakumtazama mwenzake. Alikwenda moja kwa moja kwenye gogo, akaushika mguu wa mbuzi, akaupapasa kutoka juu hadi chini, akarudia tena. Hasira zilinipanda, nilitaka kumpiga.

"Huna haya, Nabiha? Mtu amevunjika hapa!"

"Nyamaza wewe," Mwanaesha akanikata. Kisha akamwuliza Nabiha, "Mzima?"

"Mzima."

"Alhamdulillahi. Haya, sasa nifungeni huu wangu."

Hapo ndipo Nabiha alipoporomoka, akampigia magoti, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata kwenye misiba yake. Watoto wakala meli yao. Nabiha akamlisha Mwanaesha tonge kwa tonge.

Mkono ulipona ukiwa umepinda, wala haukuinua tena sufuria. Mwanaesha hakupika karamu nyingine. Kila adhuhuri chakula chake kilitoka kwa Nabiha, na mletaji alikuwa Taha, miaka nenda miaka rudi, hata alipokuwa mwanamume wa mabega mapana. Huingia, humwamkia shikamoo, humnawisha mkono, kisha huketi mkekani akamtolea samaki miba.