Tairi Bovu Amerudi Mchezoni

Kaka yangu alinitumia ujumbe mchana kweupe, zaidi ya mwaka baada ya mimi mwenyewe kushuka kaburini kumlaza.

Sitanii. Na kinywani nilikuwa na chai tu.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina kachumba pembeni ya duka la viatu, tunakagawana na jamaa tunayemwita Wino, maana anatengeneza printa na sijawahi kuviona vidole vyake vikiwa visafi.

Nikipata nafasi huwa nachezea programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzirekebisha na kuzigawa bure. Kuna mchezo mmoja wa mbio za magari wa aina hiyo, watu wanashindana kupitia mtandao. Mtamu balaa. Ila kuuweka kwenye kompyuta zinazotumia Linux, ule mfumo wa bure unaoendesha mashine badala ya Windows, ni kutoana jasho. Kila mashine inalalamika, mara imekosa hiki, mara kile.

Nikasema ngoja niufunge uwe faili moja tu. Kila unachohitaji kimo humo ndani, kama msafiri anayetembea na godoro na sufuria zake. Unaliweka hata kwenye flashi, unabonyeza, unacheza.

Kazi hiyo niliifanyia kwenye laptop ya marehemu. Yeye ndiye aliyetufundisha mchezo ule, mimi na mkewe. Baada ya msiba shemeji alinipa ile mashine. Alisema hawezi kulala nayo chumba kimoja.

Nikalipandisha faili mtandaoni. Nikamtumia na shemeji, acheze akichoka kazini.

Kesho yake nikaingia mchezoni kwa kompyuta ya ofisini, nione mambo yanakwendaje. Kwenye orodha ya wachezaji nikakuta jina.

Tairi Bovu.

Hilo lilikuwa jina la kaka. Alijipa mwenyewe, kwa kuwa hakuwahi kushinda.

Nikajiambia, ah, majina yanafanana. Mbio zikaanza. Gari jekundu likaja likaning'ang'ania mgongoni. Maneno yakatokea kwenye kioo:

"Niko nyuma yako. Unanikimbia uende wapi?"

Maneno hayo kaka alikuwa akiniambia tukikaa bega kwa bega, kila mchezo, mpaka nachukia.

Nikaandika: "Wewe nani?"

Yakarudi yaleyale. Niko nyuma yako.

Nikachomoa waya ukutani.

"Umepigwa shoti?" Wino akaniuliza.

"Hapana."

"Mbona chai yote iko kwenye suruali?"

Kwa siku kadhaa sikuugusa ule mchezo. Nilipojikaza nikaingia tena, walikuwa watatu. Tairi Bovu, Tairi Bovu, Tairi Bovu. Wote wanasema neno lilelile.

Mtu mzima mimi, nikaenda kukaa nje kwenye jua.

Hapo ndipo shemeji alipotokea. Anatembea haraka, mkoba kaukumbatia kifuani. Akaingia ndani bila hodi, nikamfuata.

"Shemeji, harusi nimeivunja."

Ngoja nieleze. Kuna bwana alikuwa amemchumbia. Mpole, msafi, akija nyumbani kwetu anamsalimia mama yangu kwa kuinama. Mimi mwenyewe ndiye niliyepokea posa, na nilimsifia.

"Kwa nini?"

"Kaka yako hataki." Akauweka mkoba mezani. "Nimefungua ule mchezo kazini. Ukaniandikia, karibu tena Tairi Bovu. Kwenye kompyuta ambayo hajawahi hata kuigusa."

Nikamwangalia.

"Jina lilikuwepo kabla hujaandika chochote?"

"Kabla sijagusa kitu."

Nikavuta ile laptop, nikalifungua faili langu, nikachungulia ndani. Mara nikajiona mjinga wa mwisho. Wakati nafunga ule mchezo nilikuwa nimebeba folda zima la kaka, pamoja na mipangilio yake. Jina lake limo. Hata yale maneno yake alikuwa ameyaweka kwenye kitufe ambacho wachezaji wengi hukibonyeza wakitaka kuongeza mwendo. Kila aliyepakua faili langu alikuwa anaingia na jina la marehemu bila kujua.

Nikamweleza taratibu. Nikadhani atacheka, au atanitukana.

Hakucheka. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Kwa hiyo si yeye aliyekataa."

"Si yeye. Mpigie yule bwana umwambie mambo yamekaa sawa."

Akatikisa kichwa. Machozi yakaanza kumtoka.

"Nilimshukuru marehemu, shemeji. Nilijua nikisema mwenyewe hakuna atakayenisikia. Yule mtu ananifuata. Nikitoka kazini yuko ng'ambo ya barabara. Nikienda kuoga anasoma simu yangu. Jana nimemwambia basi, akasema nikimwacha nitajuta."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Nyumba nzima mnampenda."

Nikampa leso.

Akafuta macho, akasema kwa sauti ya chini, "Chungulia dukani, ila usitoe kichwa."

Nikachungulia. Yule bwana mpole alikuwa amesimama kwenye viatu vya kike. Hakuwa anaangalia viatu. Alikuwa anaangalia mlango wetu. Macho yetu yakakutana, akatabasamu kama kawaida yake.

Ile hofu ya Tairi Bovu niliiona ni mchezo wa watoto.

Wino, aliyekuwa palepale akisikia yote, hakuuliza maswali. Alifunga mlango kwa ndani, akawapigia simu vijana wa bodaboda wanaotufahamu. Walikuja wengi. Tulipotoka na shemeji katikati yao, yule bwana alikuwa ameshaondoka. Tulikwenda moja kwa moja polisi, halafu kwa mama. Jioni hiyo mama alisikia yote, akalia, akaomba radhi.

Sasa shemeji anaishi na mama. Yule bwana aliitwa polisi, akaonywa, lakini mpaka leo shemeji hatoki peke yake.

Faili nililisafisha nikalipandisha upya, na wachezaji sasa wanatumia majina yao.

Wewe unayesoma, kama kuna ndugu yako wa kike anayetoa visingizio vya ajabu ili asiolewe na mtu mnayemsifia, usibishane na visingizio. Kaa naye muwe wawili tu, umuulize anamwogopa nani. Sisi tulikuwa tunamwogopa maiti, huku aliye hai tukimkaribisha sebuleni na kumwongezea sukari kwenye chai.