Mwaka Baba Alipokosea Mshindi

Wiki iliyopita mume wangu alinisogezea simu yake nikiwa nasonga bukari. Zile mbio kubwa za kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku kwetu, zile za wazungu za wiki tatu, zilikuwa karibu kuanza, na mtu fulani alikuwa ameandika orodha ya wanaotazamiwa kushinda kwa jumla. "Weye mutoto wa mutabiri," akanichekea, "tuambie basi, nani atabeba?" Nilisema sijui, nikaendelea kusonga. Lakini bukari siku ile ilitoka na madonge. Ngoja nikueleze, maana hata yeye sijapata kumweleza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Kongo kwa sababu ya vita, tukapata kiwanja Kabuta, kati ya wavuvi Wazambia waliotuuzia samaki kwa Kiswahili chetu na kugombana wenyewe kwa Kibemba. Asubuhi kulikuwa na harufu ya chisense, wale samaki wadogo, wakikauka mchangani. Kazi yangu ilikuwa kuwageuza na kufukuza kuku. Baba alikuwa karani huko kwetu. Hapa alilima muhogo. Alichobaki nacho cha ukarani ni Kifaransa chake na redio.

Julai ikifika, baba alifungua redio kila saa kumi jioni, upepo wa ziwa ukituuma miguu, akatutafsiria zile mbio. Wabeba samaki walisimamisha kinga zao na mizigo juu yake wakasikiliza. Hao walijua mlima ni nini. Walipanda kila juma kwenda kuuza samaki bara. Mzungu fulani akiachwa nyuma kwenye kilima, waliguna kama wao ndio wanaoumia.

Kabla ya siku ya kwanza, baba aliandika majina matatu kwa penseli kwenye karatasi ya daftari langu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaikunja na kuitia kwenye kopo la maziwa. Kopo nililitunza mimi. Jumapili ya mwisho lilifunguliwa mbele ya watu wote. Miaka miwili mfululizo alipatia yule wa kwanza.

Aliyebishana naye zaidi alikuwa jirani yetu, fundi kinga, Mkongomani kama sisi, rafiki yake wa kufa na kupona. Fundi alichagua mtu kwa miguu. Baba alichagua kwa kichwa.

"Usiangalie mwenye kushinda leo," baba alimwambia. "Uangalie mwenye hapotezake dakika. Siku ya mlima anapoteza kidogo, siku ya upepo anapoteza kidogo. Ule njo atabakia." Yaani huyo ndiye mshindi.

Fundi akacheka. "Sawa. Lakini mwaka huu ukikosa, miye sitakusikiaka tena, hata ukiniambia mvua inanyesha."

Alikuwa anatania. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua. Tena nilikuwa nimeona jinsi baba alivyobadilika Julai, jinsi mgongo ulivyonyooka, jinsi watu walivyomwita kwa heshima "ba karani" na kumpa kiti. Miezi mingine alikuwa mkimbizi mwenye jembe.

Mwaka ule alimweka wa kwanza mtu mrefu wa nchi tambarare, hodari wa kukimbia peke yake akishindana na saa. Wa pili alikuwa kijana mdogo wa milimani. Siku ya mlima wa mwisho, yule mrefu alikatika pumzi. Redio ilitaja dakika alizopoteza, moja, mbili, tano, na sauti ya baba ikitafsiri ikazidi kushuka. Kijana akachukua uongozi.

Jumapili ya mwisho, watu wakiwa bado kanisani, niliingia ndani peke yangu. Nilifuta majina mawili ya juu, nikayaandika upya: kijana kwanza, mrefu wa pili. Herufi za baba nilizijua vizuri. Ndizo nilizojifunzia kuandika.

Mbio zilipoisha, fundi mwenyewe alifungua kopo. Akasoma kwa sauti. Watu wakapiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele. Baba aliomba karatasi, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Aliikunja, akaitia mfukoni.

"Ule mutu anaonaka mbele," fundi alisema, na safari hii hakucheka.

Miezi michache baadaye gari lenye kipaza sauti lilipita likitangaza kwamba kwetu kumetulia na anayetaka kurudi ajiandikishe. Fundi alikuja na mke wake na binti yao, rafiki yangu, tuliyelingana miaka. Nilikuwa nachekecha unga pale mlangoni.

"Ba karani," fundi akasema, "weye njo unaonaka. Twende ao tubakie?"

Baba angeweza kusema hajui. Ndivyo ilivyokuwa, hakujua, hakuna aliyejua. Aliniangalia tena kama ile Jumapili, nami nikainamisha kichwa kwenye unga.

"Muende," akasema. "Milima imekwisha."

Wakaenda kwa boti kutoka Nchelenge. Mvua hazikuwa zimeisha vita vikaanza tena kule. Mke wa fundi alirudi kwa mtumbwi, na binti yake, na kitenge kimoja. Fundi alikuwa amechukuliwa njiani na watu wenye bunduki. Mpaka leo hakuna anayejua alipolala.

Mke wa fundi alipokuja kwetu, baba hakuweza kusimama kumpokea. Alikaa tu, mikono magotini. Julai iliyofuata wabeba samaki wakaja kama kawaida. "Sijui," baba aliwaambia. Mwaka uliofuata vivyo hivyo, na redio ikauzwa. Mimi na yeye hatukuitaja ile karatasi hata mara moja, mpaka nikamzika.

Basi juzi nilipanda kinga, nikaenda Kabuta. Mke wa fundi, sasa mzee, alikuwa anachagua chisense kwenye lungo. Nilimwambia yote, tangu penseli mpaka unga. Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea.

"Miaka yote hii," akasema.

"Ndiyo, mama."

Alichagua mpaka lungo likaisha. "Mutoto wangu anajua baba yake alirudi juu ya kupenda inchi yake. Njo vile nilimuambia. Njo vile anaambiaka batoto yake." Akaniangalia usoni. "Usimuambie."

Sikupata msamaha, wala sikutukanwa. Nilikaa. Pale tulipokuwa tunakusanyika pana duka la vocha sasa, na wabeba samaki wengi wana pikipiki. Hakuna anayengoja sauti ya mtu mmoja imwambie kilichotokea mbali; kila mtu ana yake mfukoni. Nawaonea wivu, na nawaogopea.

Kisha rafiki yangu akatokea sokoni na kikapu, akapiga kelele kuniona, akaniita yaya, yaani dada, kama zamani. Alituandalia bukari na sombe, majani ya muhogo. Akaanza kuwasimulia watoto wake habari za babu yao, jinsi alivyoipenda nchi yake. Mama yake alikuwa akinitazama. Nilikula, nikaitikia kwa kichwa.